Tumjue Kijana Wetu Kabla ya Msiba

Maneno ya kamati ya malezi ya vijana katika mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Nachingwea na wana-Ruangwa waishio Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi meza ya mbele, mama zetu, ndugu zetu nyote, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimewaishia:

Tunashukuru kwa kupewa nafasi hii kabla ya chakula. Tunajua pilau inanukia, kwa hiyo hatutazunguka sana. Tuna jambo moja la kuwaeleza, na mwisho tuna ombi.

Ndugu zetu, sisi watu wa Nachingwea na Ruangwa tunaoishi mjini hapa tuna sifa moja ambayo hata majirani zetu wanaikubali. Tunajua kuzika. Akifariki mwenzetu leo jioni kule Mbagala, kabla ya saa sita usiku kundi la simu limeshajaa majina na michango. Mmoja anatafuta gari, mwingine jeneza au sanda, mwingine yuko hospitali anashughulikia kibali. Kesho yake alfajiri msafara umevuka Daraja la Mkapa, na ikifika jioni mwenzetu yuko nyumbani kwao Mnero au Mandawa, anapumzishwa karibu na wazazi wake. Hata aliyekuwa hana kitu anazikwa kwa heshima. Hilo ni jambo jema, na hatusimami hapa kulibeza.

Lakini tujiulize. Katika mazishi mangapi tumechangia kijana ambaye, alipokuwa hai, hakuna hata mmoja wetu aliyejua analala wapi? Tumekaa matangani mara ngapi tukiulizana, "Huyu alikuwa anafanya kazi gani hasa?" Fedha ambazo zingemtoa kwenye shida akiwa hai tunazipata ndani ya usiku mmoja akishakufa. Hapo ndipo kazi yetu ilipoanzia.

Tutawaeleza kisa kimoja. Jina la kijana hatulitaji, kwa kuwa yuko hai, ana familia, na kisa hiki ni aibu yetu zaidi kuliko yake. Alitoka kijiji kimoja cha Nachingwea, akawa anauza soksi na vitambaa vya mkononi barabarani. Siku moja alikamatwa pamoja na wenzake katika operesheni ya kuondoa wafanyabiashara barabarani. Simu yake ilipotea katika purukushani hiyo. Mama yake alipopiga siku mbili bila kumpata, alimpigia mmoja wetu, na mwenzetu huyo akamjibu, "Mama, Dar ni kubwa. Atakuwa amebadilisha laini." Mama akangoja. Wiki ikapita, na ya pili. Wiki ya tatu kijana mmoja aliyekuwa mahabusu pamoja naye alitoka, akaja mpaka kwenye mkutano wetu, akasema, "Kuna mtoto wenu ndani, hana wa kumdhamini." Siku hiyo tulikuwa tunajadili sare za sherehe. Gharama ya kumtoa ilikuwa ndogo kuliko fedha tulizokuwa tumeshanunulia soda za kikao hicho.

Yule mwenzetu aliyemjibu mama vile hakuwa na moyo mbaya. Alijibu kama ambavyo wengi wetu tungejibu. Hatukuwa na orodha, wala namba ya mtu wa pili wa kumuulizia. Kijana alikuwa wetu kwa kabila na kwa wilaya, lakini hakuwa wa mtu yeyote.

Ni vyema tukumbuke tulikotoka. Jina hili la machinga, ambalo sasa linaitwa kila muuzaji mdogo kutoka Mwanza mpaka Mbeya, wengi wanasema limetokana na sisi watu wa kusini, kwa Wamachinga wa mkoa wetu wa Lindi. Wazee waliomo humu wanakumbuka Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, pale kijana asiye na kazi inayotambulika alipoweza kukamatwa na kurudishwa shambani. Wanakumbuka pia jinsi biashara ilivyofunguliwa wakati wa Mzee Mwinyi, bidhaa zikajaa Kariakoo, na vijana wa kusini wakazibeba mabegani, wakawafuata wateja mpaka kwenye foleni za magari na milangoni mwa nyumba. Wengine wa vijana hao ndio nyinyi wenye maduka leo. Wakati ule daraja la Rufiji halikuwepo, kwani lilifunguliwa mwaka 2003. Masika ikikolea, barabara inafungwa na mtu anakaa kwenye kivuko siku kadhaa. Aliyefika Dar alikuwa amekwishapimwa na njia.

Siku hizi njia ni nyepesi. Kijana anauza ufuta wake, au anangoja korosho ya babu yake ilipwe, anapanda basi alfajiri, na jioni anashuka Mbagala Rangi Tatu. Ana begi, simu, na namba ya rafiki aliyesoma naye. Rafiki anampeleka geto, chumba kimoja cha vijana watano au sita kule Mbagala, Tandika au Buguruni. Kesho yake anafuatana nao Kariakoo.

Wapo kati yetu wasiojua kazi hiyo inavyokwenda, kwa hiyo tuieleze kidogo. Asubuhi kijana anachukua mali kauli, yaani mwenye duka anampa bidhaa bila fedha, kwa neno lake tu. Tuseme shati ni shilingi 8,000 ya dukani. Jioni atarudisha 8,000 au atarudisha shati. Akiliuza 10,000, ile 2,000 ni cha juu chake. Wengine hawabebi kitu, ni mawinga. Wanamsimamisha mteja njiani, wanampeleka dukani, na wanaishi kwa cha juu hicho hicho. Biashara yote hii imejengwa juu ya uaminifu. Mwenye duka hampi mali kauli mtu asiyemjua. Kwa hiyo kijana mgeni asiye na wa kumsemea anaanzia chini kabisa, anabeba mizigo kwa ujira wa siku, mpaka ajulikane.

Katika miezi hiyo ya kutojulikana ndipo wengi wanapopotea. Njaa ya leo inamfanya aende kwenye mikopo ya kausha damu, anachukua kidogo asubuhi na kulipa kingi jioni. Akibaki na elfu tano anaiweka kwenye mkeka wa mpira akitumaini itazaa. Wengine wanaingia kwenye kundi ambalo halimuulizi mtu kitambulisho. Mwaka 2022 jiji hili lilitetemeshwa na habari za vijana walioitwa Panya Road, na tulisikia watu wakisema wale ni watoto wasio na kwao. Ndugu zetu, kila mtoto ana kwao. Pengine kwao hawajui alipo.

Tulipoulizana tufanye nini, wengine walitaka tutafute wataalamu watufundishe kulea vijana. Mama mmoja mzee wa Ruangwa akatucheka. Akasema, "Kwani nyie jandoni mliingia peke yenu?" Tukanyamaza. Kwetu mtoto haingizwi jandoni wala unyagoni bila mtu wake. Yupo kungwi, yupo somo, yupo mtu mzima anayejulikana kwa jina kwamba huyu mtoto yuko mikononi mwake, na akiumwa ataulizwa yeye. Tena kwa Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu yake. Mjomba ndiye anayeulizwa mtoto akioa, na ndiye anayeitwa akiharibu. Tulikuwa na kila kitu tayari, ila tulipopanda basi kuja Dar tulikiacha stendi.

Basi tukakubaliana hivi: kila kijana wetu aliye mjini apate mjomba mmoja au shangazi mmoja, hata kama si wa damu. Tuliamua pia kazi ya mjomba huyo iwe ndogo na iwezekane, kwa sababu tunajua shughuli za mjini.

Kwanza, anampigia simu mara moja kwa wiki, hata dakika mbili. Pili, mara moja kwa mwezi anafika anapolala. Asimwite kijana aje kwake, aende yeye. Kwenye geto utaona mambo ambayo kijana hawezi kukwambia kwa simu, kama vile anavyokohoa usiku, ndoo ya maji imewekwa wapi na ni nani wanaoingia na kutoka. Tatu, anahakikisha kijana ana namba ya NIDA na anafahamika kwa mjumbe na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Bila namba ya NIDA hawezi kusajili laini kwa jina lake, na mkopo wa halali hapati. Nne, anajua namba ya simu ya mtu mmoja nyumbani kijijini na namba za wenzake wawili wa geto. Yote haya yanaandikwa kwenye daftari linalotunzwa na katibu wetu.

Tulianza na vijana tisa. Hatutawaficha: mwaka ule wa kwanza tulikosea.

Kosa letu lilikuwa kuanza na fedha. Tulichanga, tukawapa vijana mtaji mkononi, tukapiga picha, tukapongezana. Baada ya mwezi mmoja tukaita kikao cha kuulizana. Mmoja fedha zake zilikuwa zimeishia kwenye kamari ndani ya siku nne. Mwingine alizituma zote kijijini, kwa bibi yake aliyemlea, ambaye paa la nyumba yake lilikuwa limeezuliwa na upepo. Wote wawili tukawasema kwa ukali uleule, mbele ya watu. Yule wa kamari aliinamisha kichwa, kisha akaendelea kuja vikaoni. Yule aliyemwezekea bibi hakuja tena. Ilituchukua karibu mwaka mzima kumpata na kumwomba radhi. Alipokubali kukaa nasi alituambia maneno tuliyoyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari: "Mlinipa hela, hamkuniuliza nina nani."

Tangu siku hiyo hatutoi fedha kabla ya kumjua mtu, na fedha taslimu ya mtaji hatutoi kabisa. Tunachofanya ni kumtafutia mali kauli. Wenzetu wenye maduka Kariakoo wamekubali kuwapa vijana bidhaa kwa dhamana ya mjomba. Kijana akikosa kurudisha, mjomba anaulizwa, na mfuko wetu mdogo unamfidia mwenye duka sehemu. Dhamana hiyo imetumika mara chache kuliko tulivyoogopa. Kijana anaona vigumu kumwibia mtu aliyelala naye geto usiku mmoja akisubiri homa yake ishuke.

Tumejifunza pia kuwasaidia kufuata vilivyo vyao kisheria. Wengi hapa mnakumbuka vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018 kwa shilingi 20,000. Mnakumbuka pia kuhamishwa kwa machinga mwaka 2021, na meza zilizobaki bila wateja. Katika kila badiliko la namna hiyo, aliyeumia zaidi ni yule ambaye hakupata taarifa mapema, akaamka akakuta meza yake haipo. Mjomba mwenye redio na anayehudhuria kikao cha mtaa anaweza kumwambia kijana wiki mbili kabla. Vilevile kuna mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Vijana wetu wengi hawakuwahi kuigusa, kwa kuwa inataka kikundi, na kikundi kinataka katiba, mihtasari na akaunti ya benki. Kijana anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi mali hawezi kuandika katiba. Humu ndani tuna walimu wastaafu, makarani na wanasheria. Kuandika katiba ya kikundi kwenu ni kazi ya Jumapili moja mchana.

Sasa tuseme juu ya mabinti, ambao tukisema "vijana" huwa tunawasahau. Wao hawaonekani Kariakoo. Wako jikoni kwa watu Sinza, Mbezi na Tabata, au wanaosha vyombo kwa mama ntilie. Wengi waliletwa na mtu wanayemwita shangazi, kwa ahadi ya kusomeshwa cherehani. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, lakini tumekutana na watoto ambao ukiwauliza umri wanatazama chini kwanza.

Binti mmoja wa kijiji cha Ruangwa alifanya kazi za ndani muda mrefu bila kushika mshahara wake. Uliku­wa unatumwa moja kwa moja kwa mwanamke aliyemleta mjini. Mwajiri hakujua, alidhani fedha zinafika kwa mama wa binti. Mama naye alidhani binti yake amekuwa na kiburi cha mjini, hatumi hata ya chumvi. Wenzetu wawili, akina mama, walikwenda mara tatu. Mara ya kwanza waliambiwa binti hayupo. Ya pili walikaribishwa chai. Ya tatu walikaa chini wote, simu ikapigwa kijijini mbele ya kila mtu, na ukweli ukajulikana ndani ya dakika kumi. Hakuna aliyepelekwa popote. Mshahara ulianza kuingia kwenye simu ya binti mwenyewe, na siku za Jumapili anajifunza kushona kwa mmoja wa mashangazi hao. Tunawaomba radhi mabinti kwamba walezi wanawake bado ni wachache. Kina mama, mkimaliza kusikiliza, njooni mjiandikishe.

Ndugu zetu, kuna asubuhi moja ambayo hatutaisahau. Tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo wakati watu wamekwishafungua biashara. Mnakumbuka wote. Mnakumbuka waliokuwa chini ya kifusi wakipiga simu, na wale ambao hawakupiga. Watu wengi walipoteza maisha, na waliofiwa wamo hata leo katika jiji hili. Mungu awarehemu.

Asubuhi hiyo simu kutoka Nachingwea na Ruangwa zilianza kuingia kabla vumbi halijatua. Mama huyu anauliza mwanawe, babu yule mjukuu wake. Katibu alifungua daftari. Wajomba wote wakaanza kupiga, kila mmoja vijana wake. Wale ambao simu zao hazikupatikana, tukawapigia wenzao wa geto. Kufikia saa saba mchana walikuwa wamebaki wawili. Saa kumi mmoja akapatikana, alikuwa Tegeta kupeleka mzigo. Wa mwisho alipatikana baada ya magharibi. Alikuwa palepale kwenye kifusi tangu asubuhi, akibeba mawe na wenzake, na simu yake ilikuwa imezima chaji. Mjomba wake alipomwona, hakusema neno. Alimshika mkono tu kama mtoto mdogo, wakatoka.

Usiku huo tulimpigia mama wa kila kijana aliyemo kwenye daftari. Hatukumwambia mama yeyote kwamba Dar ni kubwa.

Lakini hatukuwa tumemaliza. Simu nyingine zilitoka kwa wazazi ambao watoto wao hawamo kwenye daftari, na kwa hao hatukuwa na la kuwajibu. Tuliwaambia tutaulizia. Baadhi tuliwapata kwa bahati. Wapo ambao mpaka leo hatujui wako wapi, na haina maana kwamba walikuwa Kariakoo. Maana yake ni kwamba sisi hatujui. Kwa ajili ya hao ndipo tumesimama hapa leo.

Jambo lingine. Wapo wanaodhani kazi yetu ni kuwabakiza vijana mjini. La. Tumewasindikiza baadhi kurudi nyumbani, na tunataka kurudi kuondolewe aibu. Kijana akirudi kijijini bila godoro na redio anachekwa, kwa hiyo anaona bora alale stendi kuliko kurudi. Huku nyumbani mambo yanabadilika. Korosho na ufuta vinauzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, na ushirika wetu wa RUNALI unaziunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mwenye ekari zake za mikorosho na akazipulizia dawa kwa wakati hachekwi na mtu. Ruangwa kuna madini ya kinywe, na migodi inahitaji mafundi wa kuchomelea, madereva wa mitambo, mafundi umeme. Kazi hizo zinataka cheti. Kijana mwenye nguvu bila cheti ataishia kulinda geti, na kazi ya fundi itachukuliwa na mgeni kutoka mbali. Kwa hiyo mjomba anapokaa na kijana, swali lake liwe, "Unataka kufika wapi?" Jibu likiwa ni ufundi, tumtafutie nafasi VETA. Jibu likiwa ni shamba, tumlipie nauli, na tumpigie mwenyekiti wa kijiji simu kwamba anakuja na heshima yake.

Tunasema hivi kwa sababu nyumbani kwetu tumeona kinachotokea mipango inapoletwa bila kuwauliza wenyeji. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Nachingwea na mradi wa karanga. Walileta matrekta na fedha nyingi, wakajenga na reli kutoka bandari ya Mtwara. Ardhi na mvua hawakuziuliza. Ilipofika mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, na baadaye hata reli iling'olewa. Sisi na ule mtaji wetu wa mwaka wa kwanza tulirudia kosa lile lile, ila kwa fedha kidogo.

Lakini Nachingwea hiyo hiyo ina historia nyingine, na tunataka vijana mliosimama nyuma muijue. Palepale Farm 17, FRELIMO walikuwa na kambi yao kubwa. Maelfu ya vijana wa Msumbiji walifundishwa pale, chini ya Samora Machel. Wazee wetu waliishi nao, waligawana nao maji na muhogo, na siri zao walizitunza. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru, na Samora akawa Rais wake wa kwanza. Wilaya yetu ililea vijana wa nchi nyingine mpaka wakaikomboa. Wazee wale walikuwa maskini kuliko sisi. Hawakuwa na simu, na gari hawakuwa nalo. Itakuwaje sisi wajukuu wao tushindwe kumlea mtoto wa Kilimarondo aliyeko Tandika, umbali wa daladala moja?

Basi tumefika kwenye ombi. Tunaomba vitu vitatu, na kwa mpangilio huu.

Cha kwanza ni majina. Kabla hujaondoka leo, andika kwenye karatasi iliyoko mlangoni jina la kijana yeyote wa kwetu unayemjua yuko mjini, na mahali unapodhani yupo. Hata ukijua nusu ya jina, andika. Wazazi mlioko nyumbani mtakaosoma maneno haya kwenye kijitabu, mkiona mtoto anafunga begi, msimzuie kama hamwezi. Mpigieni katibu. Mwambieni anapanda basi lipi.

Cha pili ni muda. Tunahitaji wajomba na mashangazi zaidi. Hatutafuti watu wenye fedha, wala watakatifu. Mjomba wetu mmoja bora kabisa ni fundi viatu ambaye hajawahi kukosa simu ya Alhamisi. Simu moja kwa wiki, ziara moja kwa mwezi. Anayejiona hawezi, asijiandikishe kwa kuona haya, maana kijana aliyeahidiwa mjomba kisha asimwone anaumia kuliko ambaye hakuahidiwa.

Cha tatu ni fedha, na tumeiweka mwisho kwa makusudi. Fedha za leo zitakwenda sehemu nne: mfuko wa dhamana ya mali kauli, nauli na gharama za kufuatilia vitambulisho, ada za vijana na mabinti wanaokwenda kujifunza ufundi, na akiba ya dharura, ili kijana akiugua au akikamatwa, tusingoje kikao. Hesabu zitasomwa hapa hapa mwakani, pamoja na makosa yetu, kama tulivyofanya leo. Kama unaweza shilingi 1,000 kwa wiki, sema hiyo 1,000 na uitoe. Ahadi kubwa isiyolipwa tunayo ya kutosha kwenye vitabu vya miaka iliyopita.

Tunapendekeza pia jambo moja, na Mwenyekiti ataliamua pamoja nanyi. Kila tunapochanga kwa ajili ya msiba, sehemu ndogo ya mchango iende kwenye mfuko wa vijana, kwa jina la marehemu. Mwenzetu akizikwa Chinongwe au Naipanga, binti mmoja aanze kujifunza cherehani, na ajue amesomeshwa na marehemu nani. Marehemu atakuwa ameacha kitu hai mjini.

Tumalizie na yule kijana wa soksi, tuliyemwacha mahabusu wiki tatu. Ana meza yake sasa, na ana mke na mtoto. Mwaka jana tulipompigia kumkaribisha mkutanoni, tulitegemea atatukatalia. Alikuja. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaenda kwa katibu na kuandikisha jina lake. Katibu alidhani anataka kupewa mjomba. Akasema, "Hapana. Mimi nataka kijana."

Yumo humu ndani, na hatumtaji. Ana vijana wawili sasa, na kila wiki anawapigia.

Karatasi na kalamu ziko mlangoni.